Mageuzi ya Shule na Ajira ya Mwalimu: Mwongozo wa Kukitumia Chama, kwa Walimu wa Lamu

Tangu mtaala wa umilisi (CBC) uanze kufundishwa rasmi mwaka wa 2019, mwalimu wa Kenya amekuwa akipokea badiliko juu ya badiliko. Darasa la nane limeondoka, na KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka wa 2023. Sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9) imewekwa ndani ya viwanja vya shule za msingi, na Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi ya 12). Katika kila hatua hiyo yuko mwalimu aliyehamishwa, aliyepewa somo asilolisomea, aliyebakiwa na vipindi vichache mno, au aliyeandikiwa barua ambayo hakujua aijibu vipi. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwalimu huyo, hasa aliye Amu, Pate, Faza, Kizingitini, Hindi, Mpeketoni au Witu, na kwa ajili ya mwakilishi wa chama cha walimu katika shule yake.

Jambo ninalotaka lieleweke tangu mwanzo ni kwamba chama hakiwezi kurudisha siku zilizokwisha kupita. Malalamiko mengi yanayofikishwa kwenye tawi yana haki ndani yake, lakini huja yamechelewa, hayana tarehe wala barua, na pengine mwalimu mwenyewe ameshatia sahihi karatasi ambayo hakuisoma. Hapa kwetu umbali huzidisha uzito. Mwalimu wa Kizingitini anayetaka kumwona katibu wa tawi husubiri boti, na boti husubiri maji yajae ndipo mlangobahari wa Mkanda upitike vyema. Siku moja ya ofisini humgharimu siku mbili na nauli juu yake. Kwa hiyo karibu kila hatua iliyo hapa chini inadai kitu kilekile: jambo liandikwe, litiwe tarehe, na lipokelewe mapema.

Hatua ya kwanza: Tambua jambo lako ni la aina gani

Yapo mambo ya aina tatu, na kila aina ina mlango wake. La kwanza ni sera, kama vile uamuzi wa kuiweka sekondari msingi pamoja na shule ya msingi. Uamuzi huo haukufanywa na mwalimu mkuu wako wala na mkurugenzi wa Tume ya Huduma za Walimu (TSC) wa kaunti. Ulitokana na mapendekezo ya jopo la mageuzi ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, ambalo liliwasilisha ripoti yake Agosti 2023 na kupendekeza chekechea, msingi na sekondari msingi ziwe chini ya usimamizi mmoja. Jambo la namna hiyo hupelekwa na viongozi wa kitaifa wa chama kwa Wizara ya Elimu, Bungeni, na katika vikao vya maoni ya umma. Mwalimu mmoja mmoja huchangia kwa kutoa ushahidi wa hali ya shuleni kwake, lakini haliwezi kutatuliwa ofisini Mokowe, makao ya kaunti.

La pili ni masharti ya kazi: mshahara, marupurupu, likizo, kupandishwa cheo, uhamisho, pensheni. Haya yamo katika sheria, katika kanuni za Tume ya Huduma za Walimu za mwaka wa 2015, na katika Mkataba wa Makubaliano ya Pamoja. Mkataba wa sasa ulitiwa sahihi Julai 2025 kati ya TSC na vyama vitatu, yaani KNUT ya walimu wa shule za msingi, KUPPET ya walimu wa sekondari na vyuo, na KUSNET ya walimu wa elimu maalumu. Unahusu miaka minne kuanzia tarehe 1 Julai 2025, na thamani yake ni shilingi bilioni 33.8. Ikiwa jambo lako limo humo, huombi hisani. Unadai kile ambacho mwajiri amekwisha kukitia sahihi.

La tatu ni uamuzi wa shuleni: ratiba, zamu, ugawaji wa vipindi, nani anamtathmini nani. Haya huanzia shuleni na mara nyingi huishia shuleni, na kuyapeleka Nairobi kabla ya kuyazungumza na mwalimu mkuu ni kujipotezea muda na kumchokoza mtu ambaye ungemaliza naye jambo kwa kikao kimoja.

Yapo mambo yanayoshika aina mbili kwa pamoja. Ndiyo hali ya mwalimu wa sekondari msingi. Kuwekwa chini ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi ni sera. Kupewa masomo matatu asiyoyasomea ni uamuzi wa shuleni. Kutopandishwa cheo kwa sababu nafasi za uongozi hazijawekwa wazi ni masharti ya kazi. Akiyachanganya yote katika barua moja yenye hasira, hakuna ofisi itakayojua ijibu lipi. Ayatenganishe, na kila moja aliandikie barua yake.

Hatua ya pili: Hakikisha u mwanachama, na wa chama gani

Fungua hati yako ya mshahara ya mwezi uliopita na utazame makato. Ikiwa jina la chama halimo, wewe si mwanachama hata kama unahudhuria mikutano yote na umo katika kikundi cha WhatsApp cha tawi. Kwa mujibu wa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, mwajiri hukata ada baada ya mwanachama kutia sahihi fomu ya kuidhinisha makato hayo. Iombe fomu kwenye tawi, ijaze, ubaki na nakala, kisha uangalie hati ya mwezi unaofuata. Makato yakiwa ya chama ulichokwisha kukihama, peleka notisi ya maandishi ya kujiuzulu na udai nakala iliyopigwa muhuri.

Walimu wa sekondari msingi wamekuwa wakivutwa huku na huku. KNUT, iliyoundwa mwaka wa 1957, inasema walio ndani ya shule ya msingi ni wake. KUPPET, iliyosajiliwa mwaka wa 1998, inasema walioajiriwa kufundisha baada ya msingi ni wake. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, inampa mfanyakazi mwenyewe haki ya kujiunga na chama akitakacho. Ushauri wangu ni mwepesi: mtazame mwakilishi aliye karibu nawe, anayeshika simu na anayefika shuleni, kisha uamue. Wa elimu maalumu watazame pia KUSNET.

Hatua ya tatu: Fungua faili kabla hujahitaji faili

Faili hiyo iwe na barua ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini, kila barua ya uhamisho, cheti cha usajili wa TSC kinachoonyesha masomo yako, vyeti vya mafunzo ya mtaala mpya, matokeo ya kila tathmini ya utendaji kazi wa mwalimu (TPAD), na nakala ya ratiba ya kila muhula. Wengi huidharau ratiba, ilhali ndiyo ushahidi bora kuliko wote kuhusu mzigo wako wa kazi. Ratiba iliyobandikwa ukutani hubanduliwa muhula ukiisha, na hakuna atakayeitunza kwa niaba yako. Ipige picha siku ileile inapobandikwa, tarehe ionekane.

Hewa ya bahari huozesha karatasi. Weka karatasi za asili ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, kisha piga picha za kila ukurasa na ujitumie kwa barua pepe, kwa kuwa simu huzama majini na huibwa. Mwaka wa 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, walimu wengi waliondoka Lamu kwa haraka wakiacha vitu nyuma, na nakala iliyo mtandaoni ndiyo pekee ambayo mtu huondoka nayo bila ya kuibeba.

Hatua ya nne: Andika shuleni kwanza, na uendelee na kazi

Hatua hii nitaieleza kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo walimu wenye haki hujikuta matatani. Mwalimu akipewa somo asilolisomea, kishawishi cha kwanza ni kukataa kuingia darasani. Akikataa, lalamiko lake linageuka kuwa kosa lake: sasa ni mwalimu aliyekaidi agizo, na swali la nani alistahili kulifundisha somo hilo halizungumzwi tena. Ingia darasani, fundisha kadiri uwezavyo, na siku hiyohiyo uandike. Barua haihitaji ukali. Mfano wake ni huu:

"Kwa Mwalimu Mkuu. KUH: Kupangiwa vipindi vya Sayansi Jumuishi. Ninarejelea ratiba ya muhula wa pili iliyobandikwa tarehe 5 Mei, ambayo imenipangia vipindi 12 vya Sayansi Jumuishi katika Gredi ya 8 na ya 9. Masomo niliyosajiliwa nayo na TSC ni Kiswahili na Historia, na sijapata mafunzo ya Sayansi Jumuishi. Nimeanza kuvifundisha vipindi hivyo ili wanafunzi wasipoteze muda. Ninaomba, kwanza, jambo hili lizungumzwe katika kikao cha walimu kabla ya mwisho wa mwezi huu. Pili, upungufu wa mwalimu wa somo hili uripotiwe kwa TSC ya kaunti ndogo. Na tatu, barua hii iwekwe katika kumbukumbu za tathmini yangu. Ninaambatisha nakala ya ratiba na ya cheti cha usajili."

Angalia ilivyojengwa. Inataja kitu kimoja, inatoa tarehe na idadi, inathibitisha kwamba kazi inaendelea, na inaomba mambo ambayo mwalimu mkuu ana uwezo wa kuyafanya. Haisemi neno juu ya tabia ya mtu yeyote. Chapisha nakala mbili. Moja ipokelewe ofisini, nyingine itiwe sahihi na tarehe ya kupokelewa kisha urudi nayo. Sahihi ikikataliwa, itume kwa barua pepe rasmi ya shule siku hiyo na uandike nyuma ya nakala yako jina la aliyekataa na saa. Barua nyingi kwa TSC huandikwa kwa Kiingereza, lakini Kiswahili nacho ni lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba, na ni heri barua iliyo wazi kwa Kiswahili kuliko iliyojaa mashaka kwa Kiingereza.

Fuatilia jambo hilohilo katika TPAD. Wakati wa kutathminiwa, hakikisha kwamba kufundisha nje ya masomo yako kumeandikwa mahali pa maelezo. Usipokubaliana na alama ulizopewa, sema hivyo kwa maandishi kabla ya kuthibitisha, kwa maana rekodi iliyothibitishwa bila ya neno itasomwa baadaye kama uliyoikubali.

Hatua ya tano: Peleka jambo tawini likiwa limekamilika

Shule isipojibu kwa muda unaofaa, au ikijibu kwa namna isiyoridhisha, mwone mwakilishi wa chama shuleni, kisha katibu mtendaji wa tawi. Nenda na ukurasa mmoja unaojibu maswali haya: wewe ni nani na nambari yako ya TSC ni ipi, kilitokea nini na lini, uliandika nini na ulijibiwa nini, unataka nini kifanyike, na kuna tarehe gani ya mwisho inayokukimbiza. Swali hilo la mwisho ndilo litakaloamua jambo lako liwekwe juu ya mengine mezani au chini yake.

Kabla hujaondoka, uliza nani atalishughulikia, ataandika kwa nani, na utapata jibu kwa njia gani. Kisha mtumie katibu ujumbe mfupi unaothibitisha mliyokubaliana. Si kwamba humwamini. Katibu wa Lamu anahudumia visiwa na bara kwa pamoja, na ujumbe wako humsaidia kukumbuka.

Kuna mambo ambayo chama hakiwezi, na ni haki mwalimu aambiwe mapema. Hakiwezi kuitengua sera kwa barua ya tawi. Hakiwezi kumhakikishia mtu uhamisho, na yeyote anayeomba fedha ili akuhakikishie uhamisho au cheo anakuibia, awe wa chama au wa ofisi yoyote. Wala hakiwezi, na hakipaswi, kumfichia mwalimu tuhuma ya kumdhulumu mtoto. Waraka wa TSC nambari 3 wa mwaka wa 2010 kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono unamwajibisha hata mwenzako anayejua akanyamaza. Chama kitahakikisha kwamba mtuhumiwa anasikilizwa kwa haki. Zaidi ya hapo, mtoto ndiye anayestahili kulindwa kwanza.

Hatua ya sita: Somo lako likipungua, au ukitakiwa kuhama

Hofu kubwa kwa sasa imo katika sekondari pevu. Wanafunzi wanachagua kati ya mikondo mitatu. Wa kwanza ni sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Wa pili ni sayansi za jamii. Wa tatu ni sanaa na michezo. Nje ya masomo ya lazima, kila mmoja huchagua masomo matatu. Kwa shule ndogo ya kisiwani yenye wanafunzi wachache, maana yake ni kwamba somo linaweza kubaki na wanafunzi wawili watatu, au lisichaguliwe kabisa, na mwalimu wake akawa hana vipindi vya kutosha.

Hali ya mpito huificha hatari hiyo kwa muda. Mwaka wa 2026 bado kuna Kidato cha Tatu na cha Nne wanaofuata mfumo wa zamani, na KCSE ya mwisho ya mfumo huo itafanywa mwaka wa 2027. Mwalimu wa somo linalopungua anaweza kuonekana ana vipindi vya kutosha hadi mwaka huo uishe, kisha Januari 2028 akajikuta hana darasa. Usingoje. Muulize mwalimu mkuu sasa hivi shule inatoa mikondo gani na wanafunzi wangapi wamechagua somo lako katika Gredi ya 10. Ikiwa idadi ni ndogo, jiandikishe mapema kwa mafunzo ya somo lako la pili, na uliombe tawi likusanye majina ya walimu walio katika hali hiyo kaunti nzima. Orodha ya walimu 30 wenye shida moja huzungumzwa mezani kwa namna ambayo barua 30 zilizotawanyika hazizungumzwi.

Mwalimu aliyeajiriwa na TSC kwa kawaida hafutwi kwa sababu somo limepungua, huhamishwa. Kwa hiyo swali halisi ni atapelekwa wapi na kwa masharti gani. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri anapobadilisha masharti ya msingi ya kazi, pamoja na mahali pa kazi, ashauriane na mwajiriwa na amwarifu kwa maandishi. Ukiambiwa kwa simu uhame, jibu kwa heshima kwamba unasubiri barua. Barua ikija na ukawa na sababu ya kuipinga, kama vile ugonjwa, ulemavu, mtoto anayehitaji uangalizi au usalama, andika mara moja, ambatisha ushahidi wa daktari au nambari ya OB ya polisi, na utoe nakala kwa tawi.

Walimu wa Lamu wanaijua historia ya jambo hili. Sera ya kuwahamisha walimu mbali na kwao ilianza mwaka wa 2018 na kutenganisha familia nyingi. Vyama vilipiga kelele, Bunge la Kitaifa likapitisha hoja ya kuipinga mwaka wa 2022, na kuanzia mwaka wa 2023 walimu wengi wakarudishwa karibu na nyumbani. Kilichosaidia ni kwamba matawi yalikuwa na majina na maelezo ya waathiriwa.

Anayeomba uhamisho mwenyewe kutoka Lamu ajue kwamba Tume mara nyingi haimwachii mpaka apatikane wa kuchukua nafasi yake, na hapa petu walimu ni wachache. Njia yenye matumaini zaidi ni kumtafuta mwalimu wa somo na daraja lako aliye kule unakotaka kwenda, ambaye naye angependa kuja huku, kisha kila mmoja aombe kwa njia rasmi na kumtaja mwenzake.

Kabla ya kutia sahihi uhamisho wowote, piga hesabu ya fedha. Lamu hulipiwa marupurupu ya mazingira magumu, na ukivuka kwenda eneo lisilolipiwa unayaacha nyuma. Suala la kuyapanga upya maeneo hayo lilifika Bungeni mwaka wa 2025, kwa hiyo hata anayebaki asiyachukulie kuwa ya milele. Sheria haimruhusu mwajiri kukata zaidi ya thuluthi mbili za mshahara; mwenye mkopo wa Sacco uliojengwa juu ya marupurupu hayo huenda akajikuta amefika ukingoni kwa uhamisho mmoja tu.

Hatua ya saba: Ukiandikiwa barua ya kusimamishwa kazi

Hapa muda ndio kila kitu. Chini ya kanuni za TSC za 2015, mwalimu anayesimamishwa kazi kwa muda akisubiri kesi yake ya nidhamu anatakiwa kuwasilisha utetezi wake wa maandishi ndani ya siku 21 tangu tarehe ya barua. Ni tarehe iliyo juu ya barua, si siku uliyoipokea. Barua iliyoandikwa tarehe 1 Juni ikakufikia Kizingitini tarehe 5 Juni imekwisha kula siku nne. Zimebaki 17, na ndani yake kuna safari ya kwenda tawini na kurudi. Andika kwa kalamu juu ya nakala yako tarehe uliyoipokea na jina la aliyekukabidhi, kisha umpigie simu katibu wa tawi siku hiyo, hata kama ni Ijumaa alasiri.

Kuna mambo matatu ya kufanya papo hapo. Unatakiwa kukabidhi mali ya shule na kuondoka kituoni ndani ya saa 48. Kabidhi kwa orodha, kila kitabu na kila ufunguo, na orodha itiwe sahihi na pande zote mbili. Unatakiwa kufika ofisi ya TSC ya kaunti kila mwisho wa mwezi kutia sahihi daftari. Anayekosa hujiongezea kosa jipya juu ya lile la awali. Na mshahara wako utakuwa nusu, isipokuwa kwa tuhuma fulani nzito ambazo mtu halipwi kitu. Waambie nyumbani ukweli huo mapema, na uwaandikie Sacco na benki kabla deni halijakwama.

Katika kuandika utetezi, jibu kila tuhuma kwa mpangilio uleule wa barua. Tuhuma ya utoro ijibiwe kwa daftari la mahudhurio, ruhusa iliyoandikwa, karatasi ya hospitali, na hata tiketi ya boti ikiwa bahari ilichafuka. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na mwalimu aliyezuiliwa Amu kwa siku mbili hana kosa, lakini ofisi ya Nairobi haitalijua hilo asipoliandika na kuliambatishia ushahidi. Usiandike juu ya ubaya wa mwalimu mkuu. Usimtafute shahidi kumwomba abadilishe maneno. Na usitie sahihi maelezo yoyote ya kukiri uliyoandikiwa na mtu mwingine, hata ukiahidiwa kwamba yataishia hapo.

Utakapoitwa kusikilizwa, Sheria ya Ajira inakupa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoifahamu, mbele ya mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua. Kifungu cha 236 cha Katiba nacho kinasema mtumishi wa umma haondolewi kazini bila ya kufuata utaratibu wa sheria. Liandikie tawi barua mapema likupe mtu wa kuandamana nawe, na mkae pamoja kabla ya siku hiyo mpitie karatasi moja baada ya nyingine. Uamuzi ukitoka na hukuridhika, una siku 90 za kuomba uangaliwe upya. Usizitumie zote.

Hatua ya nane: Mahakama, na mgomo

Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo Malindi, kwa hiyo mwalimu wa Lamu hahitaji kufika Mombasa wala Nairobi, na siku hizi kesi huwasilishwa kwa mtandao. Dai la ajira linapaswa kufunguliwa ndani ya miaka mitatu tangu kosa litendeke. Ukishinda, mahakama inaweza kuamuru urudishwe kazini au ulipwe fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12. Uliza tawini kama chama kitagharimia wakili, na upate jibu kwa maandishi. Lakini mahakama hutazama kwanza kama ulizitumia njia za ndani, na hapo faili ile ya hatua ya tatu ndiyo itakayokusemea.

Mgomo ni haki ya kikatiba, ila una masharti. Mzozo uwe wa masharti ya kazi, uwe umepitia usuluhishi bila ya mafanikio, na notisi ya maandishi ya siku saba iwe imetolewa. Mwalimu asitoke darasani kwa tangazo la kikundi cha simu. Asubiri barua rasmi ya chama chake, na aiweke nakala.

Walimu wa mafunzo ya kazini (intern) waliokuwa sekondari msingi walilijua hili kwa uchungu. Walikuwa wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kazi sawa na ya mwalimu kamili. Aprili 2024 mahakama ya ajira iliamua kwamba mpango huo ulivunja haki zao za kazi, wakagoma Mei mwaka huo, na baadhi yao wakaandikiwa barua za kusimamishwa wakati wengi hawakuwa na chama kinachowakatia ada wala kuwajua kwa majina. Januari 2025 walimu 46,000 kati yao waliajiriwa kwa masharti ya kudumu na pensheni. Haki ilipatikana, lakini waliotangulia mbele walibaki bila kinga kwa miezi. Anayeingia sasa kama mwalimu wa mafunzo ya kazini amtafute mwakilishi wa chama wiki yake ya kwanza, atunze mkataba wake na kila ratiba, na aulize kwa maandishi lini atathibitishwa.

Kwa mwalimu wa shule ya kibinafsi, au aliyeajiriwa na bodi ya shule, TSC si mwajiri wake, lakini Sheria ya Ajira inamhusu vilevile. Akipunguzwa kwa sababu nafasi imeondoka, anastahili notisi ya mwezi mmoja, kigezo cha haki kilichotumika kumchagua yeye badala ya mwingine, na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia.

Kwa mwakilishi wa chama shuleni

Mwakilishi hahitaji kuwa mwanasheria. Anahitaji daftari. Kila mwanzo wa muhula aandike humo idadi ya walimu, masomo yao ya usajili, vipindi walivyopangiwa, na nafasi zilizo wazi, kisha aitume taarifa hiyo tawini. Tawi likiwa na madaftari ya shule zote za Pate, Faza na Kizingitini, katibu akikutana na mkurugenzi wa TSC wa kaunti atasema ni mwalimu gani wa somo gani anayehitajika wapi, na mazungumzo yataanzia hapo.

Vikao vya wanachama vipangwe kwa kuangalia maji na sala. Kikao cha Jumamosi asubuhi Amu kinachoanza kabla boti za Mtangawanda hazijafika huwaacha walimu wa Pate nje ya uamuzi unaowahusu. Walimu wanawake, hasa wenye watoto wachanga na wasioweza kulala safarini, wapewe nafasi ya kushiriki kwa simu na kura yao ihesabiwe. Pale ambapo usalama hauruhusu safari, kama upande wa Basuba, mwakilishi asingoje wenzake wamfuate. Katibu apange siku ya kuwapigia mmoja mmoja, na aandike tarehe na alichoambiwa, kwa sababu hao ndio walimu ambao jina lao hukosekana orodha inapokusanywa.